Kufuga Mombasa bila vita na jirani wala kanjo

Hapa mjini mtu akisikia sheria za wanyama akili yaenda moja kwa moja kwa kanjo, hao askari wa kaunti, na lori lao la kubebea mbuzi, akidhani mambo yaishia hapo. Sheria zenyewe zimetawanyika kwenye ofisi kama tano hivi, zingine ni za tangu kabla ya uhuru zingine za juzi tu, ndio maana mtu akiumwa na mbwa wa jirani azungushwa wee kutoka kwa chifu hadi stesheni hadi hospitali, jioni yaingia hata jeraha halijaoshwa. Hii nimeiandika kwa watu wa aina mbili: mwenye mnyama, ajue cha kufanya kabla hajapata kesi, na yule asiyefuga lakini aishi ukuta kwa ukuta na wanaofuga, ajue amfuate nani. Jambo moja liweke kichwani mapema, sheria haihangaiki na mbuzi wako wala paka wako, yahangaika na wewe. Mnyama akishavuka geti, alichokula ni juu yako, alichouma ni juu yako, na alichoangusha pia.

Ofisi gani ni ya nini

Katiba ya 2010 kwenye Jedwali la Nne imeipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia maslahi yao, na imetaja kabisa leseni za mbwa pamoja na mahali pa kuweka, kutunza na kuzika wanyama. Kwa hivyo ukienda ofisi ukaambiwa hayo ni ya Nairobi, tabasamu halafu uliza tena. Mombasa ina sabukaunti sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na afisa wa mifugo ndiye wa kumtafuta kwenye sabukaunti yako. Hujui ofisi yake iko wapi? Pita kwa msimamizi wa wadi akuelekeze, na ukifika sema nataka afisa wa mifugo au daktari wa mifugo, usiulize ofisi ya mbwa maana utapelekwa dirisha baada ya dirisha.

Huyo wa mifugo ni wa chanjo, leseni, magonjwa na vibali vya kusafirisha mifugo. Bwana afya, yaani afisa wa afya ya umma, ndiye wa harufu, nzi, mavi na banda lililojengwa chini ya dirisha la mtu. Polisi ni wa kuumwa, kuibiwa mnyama, na ukatili. Kanjo ni wa wanyama wanaozurura barabarani na sokoni. KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ni wa chochote cha porini, hata kama umemlea tangu mdogo na analala kwenye mto wako. Ukipeleka kesi ya harufu ya kuku kwa polisi watakusikiliza kwa adabu kisha hakuna kitakachofanyika, si kwamba wamekudharau, hiyo si kazi yao.

Kuhusu ada sitaandika bei hapa. Ada za kaunti zinapangwa na sheria ya fedha ya kaunti na hiyo hubadilishwa mara kwa mara, bei uliyoambiwa na binamu yako huenda ni ya gavana aliyepita. Uliza kwenye ofisi yenyewe, lipa kwa njia rasmi, chukua risiti na uipige picha. Pesa ya mkononi barabarani si ada, hata huyo anayeipokea anajua.

Mbwa

Hapa tukae kidogo kwa sababu mbwa ndiye mwenye sheria nyingi na ndiye anayegombanisha watu zaidi, hasa mji kama huu.

La kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa hudungwa akifika miezi mitatu, halafu anarudiwa kila mwaka. Sio ukimdunga akiwa mdogo basi umemaliza mpaka afe, hapana, kila mwaka. Unapewa kadi ama cheti chenye tarehe, jina la chanjo na muhuri wa daktari. Hiyo kadi ni muhimu kuliko mbwa mwenyewe siku mambo yakiharibika, kwa sababu mbwa wako akimparura mtoto wa watu swali la kwanza hospitali, la kwanza kwa polisi na la kwanza kwa baba ya mtoto ni moja, amechanjwa? Ukitoa kadi joto linashuka hapo hapo. Ukianza kusema nadhani mwaka juzi kuna daktari alipita, ushaharibu. Ipige picha uiweke kwenye simu, na ya karatasi iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa, sio kwenye droo ya jikoni.

Kama pesa ni ngumu fuatilia kampeni za bure. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na karibu na siku hiyo kaunti na mashirika ya wanyama huwa wanafanya chanjo za umma, uliza mapema afisa wa mifugo zitakuwa wapi. Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030 na hesabu ya wataalamu ni kwamba mbwa asilimia 70 wa eneo wakiwa wamechanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Kwa hivyo wa kwako akidungwa anakinga na watoto wa mtaa mzima.

Leseni ni kitu kingine, usichanganye na chanjo. Chanjo ni ya daktari, leseni ni ya kaunti. Daktari wa kliniki binafsi anaweza kumdunga mbwa wako vizuri kabisa na bado huna leseni. Ukienda kuichukua beba kadi ya chanjo na kitambulisho, na picha ya mbwa haidhuru. Najua wengi mwafuga bila leseni na hakuna aliyewahi kuwagongea mlango, lakini mlango hugongwa siku kumetokea jambo, na siku hiyo kukosa leseni kunaongezwa juu ya lile la kwanza.

Halafu kuna sheria ya kichaa cha mbwa yenyewe, sura ya 365. Ukishuku mnyama wako ana ugonjwa huo lazima umtenge na upige ripoti, sio umfukuze aende kufia mbele. Dalili sio povu tu kama watu wanavyodhani. Mbwa mpole aliyegeuka mkali ghafla, au mkali aliyegeuka mpole kupita kiasi, sauti imebadilika, hawezi kumeza, taya limelegea, anatembea kama mlevi, anauma mawe na vijiti, huyo usimguse hata kama ni wako na umemlea mwenyewe. Mfungie alipo, toa watoto, piga simu.

Geti na fensi. Kile kibao cha MBWA KALI kilichojaa Nyali na Kizingo hakikuokoi. Tena kwa maoni yangu kinaweza kukuumiza, maana umeandika mwenyewe ukutani kwamba wamjua mbwa wako ni hatari, sasa kwa nini geti lilikuwa wazi? Kanuni ya Adhabu inamhesabia makosa mtu asiyechukua tahadhari juu ya hatari inayoweza kutoka kwa mnyama aliye naye. Kibao weka, lakini kibao kifuatane na geti linalojifunga lenyewe, kengele nje ili mtu wa maji au wa gesi asilazimike kuingia ndio aite, na askari anayejua kumfunga mbwa kabla ya kufungua. Mbwa wengi huponyoka saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni gari linapoingia na kutoka, hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Ukimtembeza ni kola na kamba, na aliyeshika kamba awe mtu anayeweza kumzuia. Msichana wa kazi wa kilo arobaini na mbwa wa kilo hamsini, hapo anayetembezwa ni nani? Beba kitu cha kuzolea mavi yake, mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku 2017 kwa hivyo tafuta mbadala, hata gazeti latosha.

Sasa hili haliko kwenye sheria yoyote ya kaunti lakini Mombasa lina nguvu kuliko sheria. Jirani zako wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi nzito, mtu akilambwa au nguo ikilowa mate lazima aoshe mara saba na mara moja iwe kwa mchanga. Mtu ametoka kutia udhu anaenda msikitini, mbwa wako anakuja kumrukia kwa furaha akitaka kucheza, wewe wacheka wasema haumi huyo. Shida sio kuuma. Umemrudisha mtu nyumbani kuoga na swala ya jamaa imempita. Kwa hivyo nyakati za swala usipitishe mbwa mbele ya msikiti, shika kamba fupi kwenye vichochoro, na mtu akikwepa ng'ambo ya njia usimchukulie ana chuki na wewe. Na upande wa pili pia niseme, mbwa wa ulinzi hakatazwi, mwenzako ana haki ya kufuga, na kumrushia mbwa mawe kwa sababu ni mbwa hakuna dini wala sheria iliyokuruhusu.

Kubweka usiku: kuna kanuni za kelele za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, na hazisemi kelele ni za muziki peke yake. Mbwa anayebweka usiku kucha mara nyingi ni amefungwa mchana kutwa, ana njaa, ana kiu au yuko peke yake. Hamisha banda lake kutoka ukuta wa jirani, mpe maji, mtembeze jioni, nusu ya kelele itakwisha.

Mtu akiumwa

Hapa sikiza vizuri na ukitaka peleka kwenye magrupu ya mtaa.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima. Tazama saa, dakika 15 ni ndefu kuliko unavyofikiria, wengi huosha mbili wakaona yatosha. Usipake kahawa, tumbaku, ndimu, mafuta ya taa wala pilipili, na usifunge kwa nguvu. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, Makadara, Port Reitz, Likoni, Tudor, yoyote iliyo karibu, ukikuta chanjo imeisha waombe wakuambie wapi ipo na uende, usirudi nyumbani kungoja ije. Ukianza sindano maliza zote kama ulivyoandikiwa. Wengi wanaacha baada ya mbili kwa sababu kidonda kimepona, na kidonda hakina uhusiano wowote na virusi. Ugonjwa huu mara nyingi hukaa miezi miwili au mitatu kabla ya kujitokeza, wakati mwingine wiki tu na wakati mwingine mwaka, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili sindano zinaokoa. Magonjwa yenye mpaka mkali namna hiyo ni machache.

Kukwaruzwa kunahesabika. Kulambwa penye kidonda kunahesabika. Na sio mbwa tu, paka, punda, ng'ombe na tumbili nao huupata, ingawa kwa binadamu karibu visa vyote, asilimia 99, chanzo ni mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15, na mtoto huficha, maana alikuwa anamchokoza mbwa na anaogopa kuchapwa. Waambie wanao leo kwamba akiumwa hatachapwa. Ahadi hiyo itimize.

Mbwa mwenyewe msimuue kwa hasira. Watu wa mtaa wakishampiga mpaka kichwa kikapasuka maabara haina cha kupima, na akiwa hai anafungwa na kuangaliwa siku 10 chini ya afisa wa mifugo, akimaliza siku hizo mzima basi wakati anauma hakuwa na virusi kwenye mate. Lakini mgonjwa asingoje hizo siku 10 ndio aanze sindano. Anaanza, daktari ndiye atakayeamua baadaye kama aendelee.

Ukishatoka hospitali ndio uende stesheni uandikishe, uchukue namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha matukio, na kama wataka kesi uombe fomu ya P3 ambayo daktari huandika majeraha yako. Weka risiti zote hata ya tuktuk. Wengi hawajui kwamba kudai gharama hakuhitaji wakili na miaka mitatu ya kupanda ngazi, ipo Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, inachukua madai mpaka shilingi milioni moja, yakiwemo ya kuumizwa mwili na kuharibiwa mali, na sheria yake imeweka siku 60 kesi iwe imeamuliwa. Waenda mwenyewe na karatasi zako. Hapo hata mwenye mchicha ulioliwa na ng'ombe anaingia.

Mbuzi, ng'ombe na kondoo

Mbuzi wa Majengo na Mwembe Tayari wanajulikana, wanatoka asubuhi wanakula boksi na maganda ya ndizi, magharibi wanarudi wenyewe kwao bila kuitwa, na wenyewe huona hilo ni jambo la kujivunia. Mimi pia nawapenda. Lakini mbuzi huyo akipanda kibaraza akala mahamri ya mama wa watu, au akaingia barabarani bodaboda akamkwepa akaanguka, wewe mwenyewe ndiye utakayetafutwa. Kanjo wakimshika ujue utagharamika kumtoa, na kila siku ukichelewa gharama haipungui. Ng'ombe ni hatari zaidi, barabara ya Malindi usiku, ng'ombe mweusi, taa hakuna, gari linakuja kasi kutoka Mtwapa. Dereva au bima yake akikufungulia kesi ya uzembe hutakuwa na la kusema.

Kufuga ndani ya kisiwa kwa kweli hakuna nafasi, plani ya nyumba za huko haikuwahi kufikiria zizi. Utange, Mwakirunge, Mtongwe, Miritini, huko bado panafugika. Ukiwa huko weka alama, sikio au kola yenye namba ya simu, maana mwenye shamba aliyekasirika akipata namba atakupigia, asipoipata atampigia kanjo.

Kuleta mifugo mjini kutoka Kwale, Kilifi au Tana River inatakiwa kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa wa mifugo wa kule wanakotoka, sio wa hapa. Hii ni chini ya sheria ya magonjwa ya wanyama, na sababu sio kukusumbua, ndivyo wanavyozuia ugonjwa wa miguu na midomo na mengine yasisambae. Siku za kuelekea Idd ya kuchinja ndio watu wanasahau, wanaona ni mbuzi mmoja tu kwenye buti. Kibali cha mbuzi mmoja kinachukua muda mfupi kuliko maelezo utakayotoa kwenye rodibloku. Na huyo mbuzi apewe hewa, kumfunga miguu minne na kumtia kwenye gunia kwenye jua la Kongowea hilo ni kosa jingine tutalifikia.

Kuchinja: ya kula nyumbani, ya akika, ya sadaka, hakuna mtu atakusumbua. Ukianza kuuza hata robo kilo hapo ni sheria ya nyama, lazima ichinjwe kwenye machinjio yenye leseni, ikaguliwe, ipigwe muhuri. Na matumbo na damu usimwage kwenye mtaro, mvua ya Mei ikija vyote vyarudi mlangoni kwako.

Kuku, bata na njiwa

Hapa ndipo bwana afya anapoingia. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, inahesabu banda la wanyama au ndege linalonuka au linalohatarisha afya kuwa kero, na ofisi ya afya inaweza kukupa notisi ya kuliondoa au kulitengeneza kwa muda fulani. Usipotii ndio yaenda kortini. Watu hupuuza notisi kwa sababu ni karatasi tu, hilo ndilo kosa kubwa zaidi, maana wakati wa notisi bado waweza kuzungumza ukapewa muda zaidi, ukishaipuuza mazungumzo yamekwisha.

Banda liwe mbali na dirisha la mtu na mbali na kisima. Sakafu ya simiti ni rahisi kuosha, au weka maranda uyabadilishe kabla hayajaanza kukuchoma macho, ukiona macho yako yawasha ukiingia basi jirani alishaanza kulalamika zamani. Mavi ya kuku yana wenyewe, wakulima wa mboga wa Kisauni watakuja kuyabeba ukiwaambia. Funika banda kwa wavu juu, sio kwa sheria bali kwa kunguru, wale kunguru wetu waliotoka Bara Hindi hawaachi kifaranga. Chanjo ya kideri usiache, kuku wakifa kwa pamoja usiwauze kwa bei ya chini wala usiwagawe, mwite wa mifugo.

Jogoo sina dawa yake. Wanaolala vyumba vya ua wanajua. Ukiishi kwenye ploti ya kupangisha fuga tetea, utapata mayai na utapata amani.

Njiwa wa juu ya paa, wazee wa Mji wa Kale wamefuga tangu zamani na ni raha kuwaangalia jioni, shida ni tangi la maji la jirani. Lifunikwe, na mnunulie wewe mfuniko.

Paka

Katiba imetaja leseni za mbwa, paka haikumtaja, na Mombasa paka ni wa kila mtu. Tatizo letu la paka ni wingi. Unayemlisha kibarazani kila siku huyo ushakuwa mlezi wake, basi mlezi amhasi na amchanje. Paka jike mmoja anaweza kuzaa mara mbili tatu kwa mwaka, ukilisha bila kuhasi walisha kizazi kizima, na siku moja mtu mwingine atachoka na atatega sumu.

Sumu ni kosa. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inakataza kumwekea mnyama sumu bila sababu ya haki, kumpiga kikatili, kumnyima chakula na maji akiwa amefungwa, kumtupa, kumbebesha kupita uwezo, na kupiganisha wanyama. Na sumu ya paka haijui paka, kesho yake utasikia ni kuku wa mtu, au mtoto anayetambaa. Ukiona ukatili nenda polisi, na pia kuna KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, ambao hii ndiyo kazi yao. Video yasaidia, lakini ipeleke kwa polisi kabla ya kuirusha mitandaoni.

Sheria hiyo hiyo ndiyo inayomlinda punda wa mkokoteni wa maji na ngamia wa ufuo wa Pirates. Punda mwenye kidonda chini ya lijamu hafanyi kazi mpaka kipone. Hakuna mjadala hapo.

Kasuku, kobe, tumbili

Fupi tu. Mnyama wa porini bila kibali cha KWS ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na adhabu zake si za mchezo. Kasuku wa kijivu tangu 2017 yuko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa kimataifa, kwa hivyo yule unayeuziwa gizani kwa bei nzuri waletewa kesi ndani ya tundu. Kobe uliyemwokota shambani mrudishe. Tumbili wa Nyali na Shanzu usiwalishe, ukimpa ndizi leo kesho ataingia jikoni kuichukua mwenyewe na akikataliwa anauma.

Kama umepanga

Soma mkataba wa nyumba kabla hujanunua mtoto wa mbwa. Landlodi akiwa ameandika hakuna wanyama, kadi ya chanjo na leseni havikusaidii kitu, hayo ni makubaliano yenu wawili. Kama mkataba haujasema chochote muulize kwa meseji ili jibu libaki kimaandishi, sio kwa keateka anayesimamia nyumba, keateka akubali leo na mwezi ujao ni keateka mwingine.

Jirani amekushinda, wafanyaje

Anza na salamu, wallahi nusu ya kesi zaishia hapo. Usianze kwenye grupu la WhatsApp la estate, ukishamwaibisha mtu mbele ya watu hata akitaka kurekebisha hatarekebisha. Mwandikie yeye peke yake, kitu kama hiki:

"Assalam aleikum jirani, natumai mu wazima nyote. Nilitaka tuongee kidogo kuhusu mbwa, usiku amekuwa akibweka kuanzia saa saba mpaka alfajiri na tuna mtoto mchanga. Sina neno baya, naomba tu tuone tutafanyaje. Naweza kupita baada ya isha?"

Kama ni mtu mzima kuliko wewe nenda mwenyewe kwa miguu, shikamoo kwanza, meseji kwa mzee ni utovu. Ikishindikana mchukue mzee wa mtaa au wa nyumba kumi akakae nanyi, akiwa shahidi pia. Wakati huo uwe unaandika tarehe na saa, na picha au sauti iliyorekodiwa ukiwa upande wako wa ukuta. Baada ya hapo ndio barua kwa ofisi inayohusika, nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Huo muhuri ndio unaofanya faili isipotee. Rudi baada ya wiki mbili na nakala yako mkononi, uliza kwa upole imefika wapi, na uwe na jina la afisa uliyezungumza naye.

Mnyama akifa

Usimtupe baharini, usimtupe Mwakirunge kwenye taka, na usimwache barabarani kungoja lori. Mwenye uwanja achimbe shimo la kwenda chini, kwa mbuzi au mbwa mkubwa kama urefu wa mtu, mbali na kisima, chokaa juu kisha mchanga. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla na damu inatoka puani au nyuma na haigandi, usimchune, usimpasue, usile, huenda ni kimeta, hapo afisa wa mifugo aje kabla hujagusa chochote. Na aliyekufa baada ya kuuma mtu asizikwe kabla hujapiga simu, maana kichwa kitahitajika maabara na kukitoa ni kazi ya wataalamu wenye glavu.

Walio kwenye fleti kisiwani, wasio na hata kipande cha mchanga, wapige simu ofisi ya mifugo au kliniki waliyomchanjia waulize pa kumpeleka. Ukimpa mtu wa mkokoteni mia mbili akakuondolee, atageuza kona ya pili na kumshusha nyuma ya ukuta wa mtu mwingine.